Gari la umeme na baridi ya Minnesota



Baadhi yenu mmeniuliza kama gari la umeme linafaa huku Minnesota, baridi inapofika nyuzi 20 chini ya sifuri. Linafaa, ila lazima uliandae.

Jueni sababu kwanza. Injini ya petroli hutoa joto jingi la bure, ndilo linalotupasha ndani ya gari. Mota ya umeme haina joto hilo, kwa hivyo hita inakula betri ile ile inayoendesha gari. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari 5 kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri. Hita ikiwashwa, mwendo kwa chaji moja ulipungua asilimia 41. Bila hita, asilimia 12 tu.

Basi mimi nafanya hivi. Usiku gari halitoki kwenye plagi. Asubuhi, nusu saa kabla ya kutoka na watoto, nawasha hita kwa simu waya ukiwa bado umechomekwa, ili umeme utoke ukutani, si kwenye betri. Njiani natumia zaidi joto la viti. Tairi za theluji nafunga mapema, na upepo naupima mara kwa mara, maana baridi huupunguza. Betri ndogo ya volti 12 nayo ipimwe. Ikifa hiyo, gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa.

Safari ya mbali, chajini mapema, na mablanketi yasikose. Kukwama na watoto usiku wa Januari si mchezo.