Land Rover ya Zamani Kyela: Rangi Ianzie Chini ya Gari

Anayeamua kuifufua Land Rover ya zamani uani kwake Kyela hujiuliza mapema rangi gani itampendeza: kijani ya kiwandani au nyeupe? Swali hilo lingefaa kuja mwisho. Gari la aina hii haliponzwi na bodi iliyofifia, bali na kutu inayoila chasisi kutokea ndani, na hali ya hewa ya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa huipa kutu hiyo kila inachohitaji. Kwa hiyo fedha na nguvu ziende kwanza uvunguni, mng'aro utafuata.

Ushahidi uko kwenye gari lenyewe. Land Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, huku chasisi ikibaki ya chuma. Chukua sumaku: ukiiweka kwenye boneti itateleza, ukiisogeza kwenye chasisi itang'ang'ania. Alumini ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba mgumu unaoikinga, lakini kutu ya chuma huvimba, hupasuka na kufungua njia kwa maji zaidi. Pale metali hizo mbili zinapogusana zikiwa zimelowa, umeme mdogo hupita kati yao na alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe kwenye ribiti na kingo za milango ndiyo alama yake.

Wapo wanaosema kutu ni shida ya Tanga na Dar es Salaam, kwa kuwa Ziwa Nyasa halina chumvi ya bahari. Ni kweli kwamba chumvi huharakisha kutu, kwani huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi. Hata hivyo kutu haiingoji chumvi. Maji na oksijeni vinatosha, na kinachoamua ni muda ambao chuma kinakaa kimelowa. Kyela ni tambarare iliyokingwa na Milima ya Livingstone na nyanda za Rungwe, nayo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Chasisi ya Land Rover ni kama bomba la pembe nne, lenye matundu madogo ya kutolea maji. Matope ya njia za mashamba ya mpunga yakiyaziba, maji hubaki humo hata wiki ambazo jua linawaka. Gonga kwa nyundo ndogo boriti ya nyuma: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu.

Kazi basi ina mpangilio wake. Zibua matundu, osha matope, kata kilichooza na uchomelee chuma kipya, kisha sugua kwa brashi ya waya na msasa. Rangi za zamani huenda zina risasi, hivyo sugua kwa maji, vaa barakoa na uwaweke watoto mbali. Chuma kipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, alumini ipate ya kwake inayoishika, na ndani ya chasisi ipulizwe nta. Fanya hayo kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, umande ukishakauka: bati linapaswa kuwa na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho hewa huanza kutoa umande, la sivyo rangi itafunika maji na baadaye itavimba malengelenge.

Wengine watasema oili chafu ni rahisi na inatosha. Kweli hufukuza maji kwa muda, lakini huoshwa na mvua, huharibu mipira ya gari, na hatimaye huingia kwenye mito ya Kiwira na Mbaka inayomwaga maji yake ziwani, wanakovua watu. Puti juu ya kutu ni hasara kubwa zaidi, kwa sababu hunyonya unyevu na kuuweka pale pale pa kuoza. Mwenye bajeti ndogo asikate tamaa: atibu chasisi msimu huu, bodi isubiri kiangazi kijacho. Gari lenye chasisi nzima na rangi iliyofifia litafika Matema. Lenye rangi mpya juu ya chasisi iliyooza ni hatari kwa kila aliyelipanda.