Wanaojua Kusikiliza

Mtu wa Kairo akisema kwamba jana alikesha na mwimbaji Umm Kulthum katika "Al-Atlal", mwenzake mwenye ujuzi humwuliza papo hapo: ya usiku gani? Wimbo huo, shairi la Ibrahim Nagi lililotiwa muziki na Riad al-Sunbati, ulisikika jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Mwimbaji akaupeleka Paris mwaka 1967, akauimba Rabat na Tunis mwaka 1968, na Kairo kwenyewe akaurudia tena na tena. Hakuna maonyesho mawili yanayolingana. Mstari alioupitia mara mbili mahali pamoja, kwingine ameuzungukia mara tano, na kila mara ameubadilishia mahadhi. Ndiyo maana wapenzi wa muziki huu wanapoambiana wanachosikiliza hutaja tarehe, ukumbi, na mahali hasa pa kutega sikio. Jina la wimbo peke yake halimtoshi mtu.

Kwa Kiarabu watu hawa huitwa sammi'a. Hawaishi kwa muziki, ingawa baadhi yao hupiga udi nyumbani. Mmoja anaweza kuwa muuza vitambaa katika soko la Aleppo, daktari wa meno, au mwalimu wa shule. Ali Jihad Racy, mwanamuziki na mtaalamu mzaliwa wa Lebanon, aliwaeleza kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 2003, na katika maelezo yake wanamuziki wenyewe wanakiri kuwa bila wasikilizaji wa namna hii hawafiki wanakotaka kufika. Naliamini hilo kabisa. Katika muziki wa jadi wa Kiarabu mtunzi humpa mwimbaji mifupa tu. Nyama anaitia mwenyewe papo hapo, huku akiwatazama waliokaa mbele yake.

Anachokisubiri msikilizaji kinahitaji maelezo kidogo. Kundi la zamani, takht, lilikuwa dogo: udi, ganuni, nai, fidla na rika, kila ala moja tu. Mwimbaji hutembea juu ya ala hizo akiwa ndani ya maqamu fulani: Rast, Bayati, Huzam, Saba, Hijazi na nyingine nyingi. Kila maqamu ina sauti zake, njia zake za kupanda na kushuka, na hali inayomtia mtu. Saba, kwa mfano, inajulikana kwa huzuni yake. Basi mwimbaji huondoka Rast, akagusa Bayati, akapita Hijazi, na msikilizaji anamfuata kimoyomoyo akijiuliza atarudi kwa njia ipi. Akirudi, na kituo kikatua barabara pale kinapotakiwa, hicho kituo huitwa qafla. Hapo ukumbi mzima hutoa sauti moja: Allah!

Sauti hiyo ina wakati wake, na ndiyo adabu ya kwanza. Anayeitoa kabla ya qafla amemkata mwimbaji kauli. Anayechelewa amejitangaza kwamba alikuwa akiwangoja wenzake. Yapo maneno mengine ya kushangilia, na lipo ombi la kurudiwa, ambalo mwimbaji mzuri hulipokea kama deni. Mengi hayasemwi kwa maneno: mtu huvuta pumzi, hufumba macho, hutikisa kichwa taratibu. Kuzungumza na jirani wakati sauti inapanda ni utovu wa heshima, na kupiga makofi kufuata mdundo wanawaachia watu wa harusini. Mapenzi yenyewe yana mpaka pia. Katika ukumbi wa Olympia, Paris, Novemba 1967, mwanamume mmoja alipanda jukwaani kutaka kumbusu Umm Kulthum mguu, na mwimbaji akayumba na kuanguka. Aliinuka akaendelea kuimba. Alistahili kuachwa na wimbo wake.

Kutoka kwa msikilizaji, joto humrudia mwanamuziki. Akishakolewa na maqamu mpaka sauti zake zote ziko mkononi, husemwa kwamba yuko katika saltana, yaani maqamu imemtawala naye ameitawala. Hali hiyo haiji kwa kuiamrisha, lakini kuna yanayoisaidia: muda wa kutosha, wenzake wanaopiga bila papara, na zaidi ya yote nyuso za watu wanaofahamu. Sabah Fakhri wa Aleppo, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, alipendelea taa za ukumbini ziachwe zinawaka ili awaone wasikilizaji wake. Huyo ndiye aliyeimba saa kumi mfululizo huko Caracas mwaka 1968, rekodi iliyoingizwa katika kitabu cha Guinness. Mtu hawezi kuimba saa kumi mbele ya kiza.

Aleppo ndiko kunakosifiwa kwa masikio makali kuliko kote. Husimuliwa huko kwamba Mohamed Abdel Wahab, kijana ambaye jina lake lilikwisha kuvuma Misri, alikwenda kuimba akakuta ukumbi una watu wachache wa kuhesabika. Aliimba kwa uchungu lakini aliimba kwa haki. Usiku wa pili watu walifurika mpaka milangoni. Alipouliza kulikoni, aliambiwa wale wachache wa jana ndio sammi'a wa mji, na wengine wote walikuwa wakingoja kauli yao kabla ya kununua tiketi. Watu wa Aleppo huisimulia kwa fahari, na katika kuisimulia hakuna anayemwonea huruma mgeni. Kwao ni jambo la haki kwamba mwimbaji aonjwe kwanza na wanaojua ladha.

Mashine ya santuri ilipoingia Kairo mwanzoni mwa karne ya 20 ilileta tatizo kubwa. Upande mmoja wa sahani ulibeba dakika tatu au nne tu, na mwimbaji aliwekwa mbele ya pembe ya bati, katika chumba kitupu. Dawa iliyopatikana inanigusa sana: watu wa kushangilia waliingizwa chumbani pamoja naye. Ukisikiliza sahani za wakati wa Sheikh Yusuf al-Manyalawi, aliyefariki mwaka 1911, unasikia jina la kampuni na la mwimbaji likitangazwa, kisha kila qafla inapokelewa na sauti za watu wakimsifu. Asiyejua atadhani ni kelele zilizoharibu kazi. Lakini bila sauti zile mwimbaji asingeweza hata kuanza, kwa sababu hajawahi kuimba peke yake maishani.

Kisha ikaja redio. Redio ya taifa ya Misri ilifunguliwa Mei 1934, na kwa miongo mingi Alhamisi ya kwanza ya mwezi, katika msimu wa maonyesho, ilikuwa ya Umm Kulthum. Tamasha lilianza usiku na kuendelea mpaka saa za alfajiri kukaribia, nyimbo mbili au tatu tu, moja ikichukua saa nzima au zaidi. Mtangazaji alieleza ukumbi ulivyo, kisha akanyamaza. Kutoka Morocco mpaka Ghuba watu walikusanyika nyumbani na migahawani, wakawa wanasikia mambo mawili kwa pamoja: mwimbaji, na wasikilizaji wa Kairo wakimjibu. Hivyo aliye mbali alifundishwa kusikiliza na walio karibu. Nadhani hili ndilo lililoueneza ujuzi wenyewe kuliko shule yoyote ya muziki, na wanawake waliosikilizia nyumbani, ambao hawatajwi sana habari hizi zinapoandikwa, waliupata kwa kipimo kilekile.

Matangazo hayo yaliponaswa kwenye kanda ndipo desturi ya kupeana rekodi ilipokomaa. Katika kikao cha watu wachache, mwenyeji hapigi wimbo kuanzia mwanzo. Husogeza kanda mpaka mahali anapopataka, huinua kidole, na kumtazama mgeni usoni. Pengine ni pale mpiga ganuni Muhammad Abduh Saleh alipojibu sauti ya mwimbaji kwa namna ambayo hakuirudia tena. Mgeni akishtuka mahali panapostahili, amepita mtihani bila kuambiwa kwamba alikuwa akifanya mtihani, na kanda nyingine hutolewa kabatini. Akisifu mahali pa kawaida, atapewa kahawa na heshima zote, na mazungumzo yatahamia kwingine. Wapo wanaoiita desturi hii ubahili. Mimi naona ni sawa, kwa sababu anayetoa anatoa alichokaa nacho miaka akikisikiliza.

Ubishi nao haukosekani. Wengi huzipenda rekodi za jukwaani kuliko za studio, ambako hakuna wa kumjibu mwimbaji, na hukasirishwa na nakala zilizofupishwa kwa kukata marudio na shangwe ili wimbo uenee kwenye kanda. Kuna pia mzozo wa zamani kuhusu sauti inayoitwa Sikah, iliyo kati ya sauti mbili za piano na isiyo na kitufe chake. Mwaka 1932 Mfalme Fuad aliitisha mkutano wa muziki wa Kiarabu mjini Kairo, na hata watunzi Béla Bartók na Paul Hindemith wakahudhuria. Kamati iliyokabidhiwa ngazi ya sauti ilibishana juu ya vipimo bila kuelewana. Sammi'a hawakushangaa. Wanajua kwamba Sikah ya Kairo na ya Aleppo hazikai mahali pamoja kabisa, na kwamba sikio huzitambua kabla ya kipimo kuletwa.

Kwetu pwani habari hizi si za mbali. Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, anakumbukwa kwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Kairo ajifunze ganuni, na Ikhwani Safaa, chama kilichoundwa mwaka 1905, kilikulia katika kivuli cha muziki huo. Lakini msikilizaji wetu alichukua njia yake. Mwanamke wa Unguja anapoinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, mara nyingi ni neno lililomwinua, fumbo lililomgusa au alilotaka limguse mwingine. Sikio letu lilinolewa na mashairi. Tunapomsikia Mmisri akipiga ukelele kwa sababu ya mteremko wa sauti usio na neno ndani yake, baadhi yetu tunabaki tunajiuliza kimetokea nini. Na hata hivyo tunao mfano wa karibu. Katika mashindano ya kusoma Kurani jijini Dar es Salaam, msomaji anapofika mwisho wa pumzi ndefu, ile "Allah!" inayotoka safu za mbele hutoka kwa wakati wake. Kisomo si muziki, na waumini wana haki ya kulisisitiza hilo. Lakini Umm Kulthum, binti wa imamu wa kijiji, aliingia katika sauti kupitia Kurani kwanza, kama waimbaji wengi wa zamani waliobeba cheo cha sheikh.

Vita vya Aleppo vya kuanzia 2012 mpaka 2016 viliwatawanya watu na makabati yao. Sasa rekodi nyingi zinapatikana kwenye simu, na vijana wanaambiana tarehe na dakika badala ya kusogeza kanda. Kazi ya sikio haijapungua. Anayetaka kuanza achukue "Al-Atlal" ya Kairo ya 1966 na ile ya Paris ya 1967, azisikilize kwa siku tofauti, bila simu mkononi na bila kitu kingine cha kufanya. Maqamu yake ni Huzam, ya ukoo wa Sikah. Asijisumbue na maneno mara ya kwanza. Afuate mahali ukumbi unapopiga ukelele, arudi nyuma kidogo, asikie mwimbaji alipita wapi mpaka akafika hapo, kisha aangalie kama watu wa Paris walishtuka mahali palepale.