Pengo Lisilo na Uzio

Kiswahili kina jicho kali kuhusu meno ya mbele. Nafasi aliyojaliwa nayo mtu ni mwanya, na wengi huihesabu urembo. Nafasi iliyoachwa na jino ni pengo, na mwenye nalo hucheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Si wote walioona haya. Wamaasai waling'oa meno mawili ya mbele ya chini; Wajaluo waling'oa sita, iwe alama ya utu uzima. Husemwa pia kwamba aliyepatwa na pepopunda aliweza kunyweshwa uji kupitia hapo. Pengo la kuchagua halikuhitaji daktari. La bahati mbaya ndilo linalosumbua.

Tuseme mtoto wa miaka 10 anateleza kwenye ngazi za ploti huko Riruta, Nairobi, na jino kubwa la mbele la juu linang'oka. Lilikuwa na upana wa kama milimita 8 na nusu. Kidonda kinapona, mama anashusha pumzi. Miaka miwili baadaye pengo limepungua, kwa kuwa meno ya pembeni yameinamia ndani. Mkazi wa Riruta hashangai: ploti isiyo na uzio, jirani atasogeza mpaka.

Jino husogea kwa kuwa halikupigiliwa mfupani kama msumari. Mzizi umeshikiliwa na utando wa nyuzi laini wenye unene wa kama robo milimita tu. Likisukumwa polepole, chembe za upande unaobanwa hula mfupa, na za upande wa pili hujenga mwingine. Mwendo wake ni takriban milimita moja kwa mwezi. Kulilazimisha kwa nguvu kubwa kunaweza kuharibu mzizi.

Ndiyo maana kurudisha ploti huchukua miezi mingi. Daktari hugundisha breisi, hupitisha waya, kisha penye pengo huvisha springi iliyobanwa. Springi inapojinyoosha, inawasukuma majirani warudi kwao. Lakini macho hudanganya: vichwa vya meno huweza kuachana vizuri huku mizizi ikiwa bado imekumbatiana chini ya ufizi. Picha ya eksirei ndiyo husema kweli. Mizizi nayo lazima iachane, maana skrubu ya titani inayobeba jino la kupandikiza huhitaji kama milimita moja na nusu ya mfupa kila upande.

Na skrubu hiyo haina haraka. Hushikamana na mfupa moja kwa moja, bila zile nyuzi, kwa hiyo taya la mtoto likiendelea kukua, meno mengine hushuka nalo na la kupandikiza hubaki juu, fupi, kama limesahauliwa. Husubiriwa hadi ukuaji uishe, aghalabu karibu na miaka 20. Katikati hapo mtoto huvaa riteina, yaani kifaa cha kushikilia meno yasisogee, yenye jino bandia, au jino lenye bawa dogo linalogundishwa nyuma ya jirani.

Wengine hawahitaji kufunguliwa nafasi kabisa. Yapo meno yasiyoota tangu mwanzo, na yale madogo ya juu yanayopakana na meno mawili makubwa ya mbele ni miongoni mwa yanayokosekana mara nyingi. Hapo jino la chonge huweza kuvutwa mbele, likasagwa ncha na kuumbwa upya kwa rangi ya jino. Wapo wanaoiona njia hii kama ya maskini. Wanakosea: jino la mtu mwenyewe hukua naye. Jino kubwa la mbele, hata hivyo, ni vigumu kulizibia hivyo, maana jirani yake ni mwembamba mno.

Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, na hospitali ya meno ya chuo hicho iko Barabara ya Argwings Kodhek, si mbali na Riruta. Mzazi ambaye mwanawe amepoteza jino la mbele la ukubwani asingoje pengo lizoeleke. Ampeleke kwa daktari mara moja, aulizie riteina ya kushika nafasi kabla ya kuulizia bei ya jino jipya.