Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini na Nani?

Wazee wetu walituachia neno kwamba mcheza kwao hutunzwa. Neno hilo tulilikumbuka hivi majuzi tulipopita Isaka, mji ambao reli itokayo Tabora kwenda Mwanza hukutana na barabara iendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Karibu na malori yaliyokuwa yakingoja shehena, tuliwakuta wapenzi wa mpira chini ya kivuli wakibishana kwa sauti kubwa. Walikuwa wakiulizana hivi: kwa nini timu za kwetu hupanda kwa shangwe kisha zikashuka kimya kimya, na kwa nini viwanja vyetu huwa vitupu timu ya nyumbani inapocheza?

Wako waliosema kwamba watu hawaji kwa sababu timu haina mchezo, wala hakuna mtu mwenye akili anunuaye nguo iliyochanika. Wengine wakajibu kwamba timu haina mchezo kwa sababu watu hawaji, na mtoto asiyelishwa hawezi kushika jembe. Wakawa wanazunguka kama ng'ombe wa kinu, kila upande ukiurudia usemi wake.

Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akamgeukia kijana aliyekuwa na maneno mengi kuliko wenziwe. Akamwuliza, "Mwanangu, Stand United ilipokuwa ligi kuu, wewe uliingia Kambarage mara ngapi?" Kijana akajibu, "Mara mbili, mzee. Siku ya Simba na siku ya Yanga." Mzee akauliza tena, "Na siku hizo ulivaa rangi ya nani?" Kijana akatazama chini, na watu wote wakacheka.

Sisi nasi tulicheka, lakini tulipoondoka pale kicheko kilitutoka. Kwa kuwa jibu la kijana yule ndilo jibu la mkoa mzima, na la nchi nzima pia.

Hebu tuyatazame yaliyopita. Stand United ilizaliwa na vijana wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, watu wasio na mtaji ila sauti zao na miguu yao. Wakaiita kwa fahari Chama la Wana, nayo ikaingia ligi kuu msimu wa 2014/15. Mwaka 2015 kampuni ya madini ya Acacia ikaja na udhamini mnono. Je, fedha ile iliwaunganisha ndugu? La hasha. Klabu iligawanyika, hawa wakisema timu ni ya wanachama, wale wakisema ni ya kampuni. Mwaka 2016 mdhamini akaondoka, na mwaka 2019 timu ikashuka daraja.

Mwadui, watoto wa mgodi wa almasi, walipanda mwaka 2015. Mwaka 2020 mgodi ulisimamisha uchimbaji, bei ya almasi ilipoanguka wakati wa ugonjwa wa korona. Mwaka 2021 timu ikashuka. Hatusemi kwamba sababu ni hiyo peke yake, maana mpira una mambo mengi. Lakini tunasema kwamba timu iliyofungwa kwenye mkia wa almasi huyumba kila almasi inapoyumba.

Mwaka huo huo wa 2021 ikapanda Geita Gold, ikilelewa na halmashauri ya mji na kudhaminiwa na mgodi wa dhahabu. Msimu wake wa kwanza ilishika nafasi ya nne, na mchezaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Ikaiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Kila mtu akasema kwamba sasa Kanda ya Ziwa imepata mkombozi. Mwaka 2024 nayo ikashuka.

Kwa hiyo katika miaka kumi timu hizi tatu za ukanda wetu ziliingia ligi kuu na zote tatu zikatoka. Moja ilitoka stendi, moja katika almasi, na moja katika dhahabu. Wachezaji walikuwa hodari, na fedha, kwa nyakati fulani, haikukosekana. Tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za mtu mpumbavu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Mvua ikanyesha, mito ikaja, nayo ikaanguka. Fedha ya mdhamini ni bati zuri la kuezekea, lakini haiwezi kuwa msingi. Msingi wa klabu ni watu wake.

Wengine watatuambia kwamba Simba na Yanga ni kubwa kwa sababu ziko Dar es Salaam na zina matajiri. Matajiri wapo, hatukatai. Lakini Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, wakati wa ukoloni, na waanzilishi wake walikuwa watu wa kawaida wa mitaani. Kilichozivusha vizazi ni wanachama, watu ambao wakifungwa leo, kesho wanarudi uwanjani wakiwa na hasira zaidi. Anayekuja siku ya ushindi tu huyo ni mgeni wa karamu, na mgeni wa karamu hasaidii kuosha vyombo.

Tena si hapa kwetu tu. Kule Berlin, Ujerumani, iko klabu iitwayo Union, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa maskini na ya madaraja ya chini. Uwanja wake ulipochakaa na fedha ya kuujenga ikakosekana, wapenzi wake zaidi ya 2,000 walijitolea katika miaka ya 2008 na 2009, wakachanganya saruji na kubeba vyuma kwa mikono yao. Klabu ile ilipanda daraja la juu mwaka 2019, na baadaye ikacheza mashindano ya mabingwa wa Ulaya. Sisi tuliolelewa katika mafunzo ya kujitegemea tunayaona haya kuwa mageni?

Tupige hesabu ndogo. Watu 1,000 wakikubali kutoa shilingi 1,000 kila mwezi, klabu inapata shilingi milioni 1 kwa mwezi na milioni 12 kwa mwaka. Fedha hiyo haitamnunua mshambuliaji kutoka ng'ambo, lakini italisha kambi, itanunua viatu vya vijana, na itachangia nauli ya kwenda Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 1,000. Zaidi ya hayo, italeta watu 1,000 wenye haki ya kuuliza maswali.

Na hapa hatuna budi kuwa waadilifu. Mpenzi wa Isaka anayo malalamiko ya kweli. Mchezo wa siku ya kazi, saa kumi alasiri, humkuta mpakiaji mizigo kazini na mkulima shambani. Nauli ya kwenda Shinyanga na kurudi, pamoja na kiingilio, ni chakula cha nyumba. Kwenye kibanda umiza ataona michezo mingi kwa senti chache. Basi klabu isingoje watu; iwafuate. Mechi za kirafiki zichezwe Isaka, Tinde na Kahama, vijana wa huko wajaribiwe, na kadi za uanachama ziuzwe hapo hapo uwanjani. Mama akimwona mwanawe amevaa jezi ya timu, hataulizwa kwa nini anaishangilia.

Viongozi wa klabu nao wasome hesabu hadharani. Mwananchi hanuni kwa kutoa shilingi 1,000. Hununa asipojua imekwenda wapi.

Tena tusiwanyoshee wengine kidole tukasahau vitatu vinavyotuelekea. Kambarage ni kiwanja cha Chama chetu, kama vilivyo viwanja vingi nchini, na kinabeba jina la Baba wa Taifa. Kiwanja si mlango wa kukusanyia kodi ya siku ya mchezo. Mtazamaji anayelipa anastahili choo safi, maji ya kunywa na mahali pa kukaa. Na mchezaji anastahili majani badala ya vumbi. Chama kilichorithi jasho la wananchi waliojitolea kujenga viwanja kina wajibu wa kulilipa jasho hilo kwa utunzaji.

Tukirudi kwa kijana wa Isaka: hatumkatazi kuipenda Simba wala Yanga. Moyo wa mtu ni mpana. Twamwomba jambo dogo tu, kwamba msimu ujao aende mara ya tatu, siku ambayo mgeni hana jina, jua ni kali na uwanja hauna watu. Avae rangi ya nyumbani. Mcheza kwao hutunzwa, naam, lakini mtunzaji naye sharti awepo.