Dizeli ya Alizeti: Kabla ya Kununua Mtambo, Ijue Kwanza Kostiki

Vijana wa kikundi kimoja cha alizeti wameniuliza: bwana shamba, tukinunua mtambo mdogo, tunaweza kugeuza mafuta yetu yawe dizeli ya pawatila na pampu? Inawezekana. Suala la pesa nitalifikia.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mawese, na mwaka uliofuata basi la abiria likaendeshwa kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Leuven. Mawese yalitoka Kongo, kwa majirani zetu.

Mafuta ya mbegu ni mazito mno kwa injini. Ukiyatia hivi hivi, nozeli zinaziba. Uzito huo unatokana na umbile lake: asidi tatu za mafuta zimefungwa kwenye gliserini moja. Kazi ni kuzifungua na kuzishikisha kwenye methanoli. Ukichanganya mafuta na methanoli peke yake, utasubiri mpaka uchoke. Kinachohitajika ni kichocheo. Usifikirie busta ya majani, hapana! Kichocheo hakilishi kitu. Kinaharakisha mabadiliko, chenyewe kisiishe. Ndiyo maana kinatosha kidogo: lita 100 za mafuta safi zinahitaji methanoli kama lita 20 na kostiki soda gramu 350 hivi. Unakoroga kwa saa moja kwenye nyuzi 55 hadi 60, gliserini inazama, dizeli inabaki juu.

Sasa, hii ni kostiki ileile ya watengeneza sabuni, na hapo ndipo watu wanapopata hasara. Ikikutana na asidi huru kwenye mafuta, inaacha kazi ya dizeli na kutengeneza sabuni. Maji nayo yanazidisha balaa hilo. Kichocheo kimeliwa, na pipa zima limekuwa uji usiotengana.

Asidi hizo zinaanzia shambani kwako. Alizeti iliyofungwa kwenye viroba ikiwa na unyevu, ikapata joto na ukungu, hutoa mafuta yenye asidi nyingi. Kausha mpaka unyevu usizidi asilimia 9. Mafuta yaliyokaangia chipsi wiki nzima yana shida hiyohiyo. Viwanda huyatibu kwanza kwa asidi ya salfuriki, kisha ndipo hutia kostiki. Watafiti nao wamejaribu chokaa inayotokana na maganda ya mayai yaliyochomwa kwenye tanuru kali. Hiyo unaweza kuichuja na kuirudia. Wafugaji wa kuku msikimbilie mkaa, jiko lenu si tanuru la nyuzi 800.

Na tafadhali, kazi hii si ya jikoni. Methanoli ni sumu inayopofusha, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Kostiki inaunguza ngozi na kula sufuria za alumini.

Tuje kwenye pesa. Mafuta safi ya alizeti ni chakula, na sokoni yana bei nzuri kuliko dizeli. Kuyachoma kwenye pawatila ni kujiibia. Mtambo una maana tu kama una uhakika wa kupata mafuta yaliyotumika, kwa bei ya chini, kila wiki. Kikundi kile bado hakina mahoteli ya kuwauzia. Nimewaambia pesa ya mtambo wanunulie kwanza maturubai na kipima unyevu, halafu waniletee sampuli ya mafuta ya chipsi tuyapime asidi.