Kinachomvuta Mtu kwa Mwenzake

Ukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja ukaufuata Mtaa wa Uhuru kuingia Kariakoo, utapita maduka ya khanga na vitenge, kisha meza za udi, manukato na vipodozi. Ukiuliza kwa sauti ya chini, utaambiwa mkorogo upo, na dawa ya kuongeza makalio pia ipo. Biashara hiyo ya pembeni inasimama juu ya dai moja: mvuto una kipimo kimoja, na aliyepungukiwa atoe hela.

Saikolojia ya mageuko, fani inayochunguza jinsi tabia zetu zilivyorithiwa kutoka kwa wahenga wa kale, nayo husikika kama inaliunga mkono dai hilo. Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kuwa viumbe huchaguana, na sifa za wanaochaguliwa huenea. Mwaka 1972 Robert Trivers akaongeza kuwa anayebeba gharama kubwa ya uzazi ndiye huchagua kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1989 David Buss alichapisha majibu ya watu zaidi ya 10,000 kutoka makundi 37 duniani: wanaume walijali zaidi ujana na sura, wanawake walijali zaidi kipato. Lakini wengi wa waliohojiwa walikuwa watu wa mijini na waliosoma.

Ushahidi wa aina nyingine ulikuwa hapa hapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao bado huishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mtafiti Frank Marlowe aliwauliza wanatafuta nini kwa mwenzi. Katika matokeo ya mwaka 2004, wanawake walisisitiza mume anayejua kutafuta chakula, na akili waliithamini kuliko wanaume walivyoithamini. Wanaume walitaka mke mwenye uwezo wa kuzaa, lakini pia mchapakazi. Sura ilitajwa na wanawake karibu sawa na wanaume, na tabia ilipewa uzito na pande zote mbili.

Kuhusu umbo, wanaume wa Kihadzabe walipendelea wanawake wenye mwili kuliko walivyopenda Wamarekani, na makalio yaliyojitokeza zaidi. Sababu inaeleweka: mafuta ya nyonga na mapaja ni akiba ya mimba na kunyonyesha, na akiba hiyo ina thamani kubwa pale chakula kinapopatikana kwa jasho la kila siku. Kidonge cha uchochoroni hakileti akiba hiyo, na krimu yenye zebaki au haidrokwinoni huharibu ngozi ambayo jicho huisoma kama dalili ya afya.

Sauti nayo ina habari yake. Coren Apicella na wenzake waligundua mwaka 2007 kuwa wanaume wa Kihadzabe wenye sauti nzito walikuwa na watoto wengi zaidi. Miaka miwili baadaye ikaonekana kuwa wanawake wanaonyonyesha walipendelea sauti nyembamba. Hali ya maisha ikibadilika, chaguo nalo hubadilika.

Hata kimo, ambacho wengi hudhani ni sharti, hakikuwa na uzito kwa Wahadzabe. Mwaka 2009 Rebecca Sear na Marlowe walionyesha kuwa wake waliowazidi waume zao urefu walikuwa idadi ile ile ambayo ingepatikana kama watu wangeoana bila kuangalia kimo kabisa.

Kwa hiyo tulichorithi ni uwezo wa kusoma mazingira: nani ana afya, nani atavumilia, nani ataleta riziki. Mtoto wa binadamu huchukua miaka mingi kujitegemea, na kumlea peke yako ni mzigo mzito. Ndiyo maana mshenga akishabisha hodi, wazazi wa binti hupeleleza zaidi ya sura: kijana anafanya kazi gani, ana hasira, anakunywa, kwao wanaishije na wake zao? Wazee wanaouliza hivyo wanapima jambo lile lile ambalo Wahadzabe, wanaume kwa wanawake, walimtajia Marlowe: tabia.