Deni la umeme: Wapiga kura walivyodai kuulizwa kwanza

Shirika la umma likitaka kukopa mabilioni kujenga mtambo wa umeme, nani aseme ndiyo? Mwaka 1981, wapiga kura wa jimbo la Washington, Marekani, walijibu: sisi.

Ilikuwaje?
Shirika la umma la WPPSS lilikuwa linajenga mitambo mitano ya nyuklia kwa pesa za hatifungani. Gharama zikapaa hadi kupita dola bilioni 20. Mlipaji wa mwisho ni mwananchi kupitia bili yake, lakini hakuna aliyempigia kura hilo deni.

Wakafanya nini?
Novemba 1981 wakapitisha Pendekezo 394 kwa asilimia 58 hivi. Ujumbe wake ni mfupi tu: kabla ya kukopea mradi mkubwa wa umeme, wapiga kura waidhinishe.

Ikasaidia?
Kwa mitambo ile, hapana. Benki zilizowakilisha wenye hatifungani zilikwenda mahakama ya shirikisho, zikashinda: sheria mpya haiwezi kuvuruga mikataba iliyokwishasainiwa.

Januari 1982, mitambo miwili ikafutwa. Mwaka 1983 WPPSS ikashindwa kulipa deni lake la dola bilioni 2.25. Kati ya mitambo mitano, ni mmoja tu uliokamilika. Miwili mingine haikuwahi kuzalisha umeme, ila gharama zake ziliingia kwenye bili za watu.

Cha kuondoka nacho
Kura ya deni ina nguvu kabla ya saini. Baada ya hapo, kinachobaki ni kulipa.